Somo: Kutuliza gari la rimoti linaloinua matairi ya mbele kila ukigusa triga

Wakuu, salaam. Kuna kilio kinachojirudia. Mtu kanunua gari la rimoti la matairi makubwa, mota isiyo na brashi, analishusha kwenye lami ya mtaani, anabonyeza triga ya rimoti, pua inapanda na gari linalala chali. Wengi hapo hukimbilia Kariakoo kutafuta kile kijigurudumu cha kufunga nyuma. Kijigurudumu kinazuia gari lisipinduke, basi. Kishindo kinaendelea kupiga gia na difu kama kawaida. Anzeni na umeme, maana huko mengi hayana gharama.

Betri kwanza. Seli moja ya lipo (betri ya lithiamu polima) huhesabiwa volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Seli mbili ni volti 7.4, tatu ni 11.1. Mota iliyoandikwa 3,500 kV, ikiwa haina mzigo, huzunguka mara 3,500 kwa dakika kwa kila volti moja. Piga hesabu: seli mbili ni mizunguko 25,900, seli tatu ni 38,850. Kama bado unajifunza, rudi kwenye seli mbili. Gari litakuwa bado na mbio za kukutosha.

Pili, ESC, yaani kile kiboksi kinachogawa umeme kwenda kwenye mota. Hapa ndipo pa kukaa. Ndani yake kuna mpangilio unaoitwa panchi: unaamua umeme ufike kwenye mota kwa ukali kiasi gani pale unapobonyeza triga. Magari mengi hutoka dukani panchi ikiwa juu. Ishushe mpaka ngazi ya chini kabisa, jaribu, kisha panda ngazi mojamoja mpaka pua ianze kuwa nyepesi, halafu rudi ngazi moja. Uzuri wake ni kwamba mbio za mwisho hazipungui. Unachokata ni ule mshtuko wa mwanzo, na huo ndio unaoinua gari. Ukiwa humo humo, hakikisha kinga ya betri imewekwa kwenye lipo, la sivyo seli zitashuka chini ya volti 3 na betri itakufa.

Rimoti nayo ina kazi yake. Kama ina mkunjo wa triga, yaani mpangilio wa jinsi gari linavyoitikia triga, ulainishe mwanzoni ili nusu ya kwanza ya triga iwe ya upole. Kikomo cha triga, yaani kuzuia umeme usifike mwisho hata ukibonyeza yote, kinapunguza kila kitu, mbio zikiwemo, hivyo nakiacha kwa watoto na wageni.

Sasa spana. Kama gari lako lina klachi ya kuteleza pale kwenye gia kubwa (ile inayoachia kidogo nguvu ikija kwa ghafla), kaza nati yake hadi mwisho, kisha legeza robo mpaka nusu mzunguko. Weka gari chini, bonyeza triga yote kwa mara moja na usikilize. Unataka mlio mfupi wa "ziii" katika nusu mita ya kwanza, kisha gari lishike na kuondoka. Mlio ukiendelea mita mbili tatu, umelegeza mno. Pedi za klachi zitaungua, na gia ya plastiki inaweza kuyeyuka.

Magari yenye difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, mara nyingi hayana klachi hiyo. Huko unacheza na oili. Oili nyepesi kwenye difu ya kati huachia nguvu ikimbilie matairi ya mbele pale yanapoanza kunyanyuka, hivyo pua inarudi chini yenyewe. Oili nzito hufanya kinyume.

Halafu kuna imani kwamba piniani ndogo (piniani ni ile gia ndogo ya kwenye mota) inatuliza gari. Jamani, hapana. Gia kubwa ya meno 54 na piniani ya 15 ni uwiano wa 3.6. Weka piniani ya 13, uwiano unakuwa 4.15. Mbio zinapungua na mota inapoa, lakini msukumo kwenye tairi unaongezeka, na pua itapanda haraka zaidi. Ukibadilisha piniani kwa sababu ya joto, sawa, na pitisha kipande cha karatasi katikati ya meno unapofunga ili zisibanane.

Mengine ni madogo: sogeza betri mbele kama trei inaruhusu, kaza springi za nyuma ili gari lisikalie makalio, shusha kimo kidogo. Na pima pale unapoendeshea. Lami kavu inashika, inainua. Kwenye vumbi la Jangwani matairi yanateleza tu.

MASWALI

Mkuu, asante kwa elimu. Langu halinyanyuki likiondoka, linanyanyuka likiwa kwenye kasi. Panchi nimeshusha, wapi.
— Huo ni upepo, kaka. Unaingia chini ya bodi na kuinua pua. Shusha kimo cha mbele, toboa bodi sehemu ya nyuma upepo upate njia ya kutokea, na ukiwa kasi usibonyeze triga kwa ghafla.

Nikifunga uzito wa risasi (ile metali nzito) kwenye bampa ya mbele je?
— Inasaidia, ila likiruka litatua kwa pua. Kama lazima, iweke chini kwenye chasisi, kidogo kidogo.

Nikimaliza Coco Beach mota inaunguza kidole. Ni panchi?
— Ni mchanga, mkuu. Mchanga laini ni mzigo mkubwa. Hapo ndipo piniani ndogo inapofaa. Pumzisha gari kila baada ya muda, na ukifika nyumbani futa chumvi na upake oili beringi kabla hazijashika kutu.

Kaka, mwanangu ana miaka tisa na analitaka hili gari. Nimpe?
— Mpe, dada, ila kwa seli mbili, na kikomo cha triga kwenye nusu. Kuchaji iwe kazi yako: juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, na usiondoke mpaka ijae. Kama hataliendesha wiki nzima, iache betri kwenye volti 3.8 kwa seli, isikae imejaa.