Mbwa akila sumu ya panya, maziwa weka pembeni

Hapa Moshi mbwa akilamba sumu ya panya, jirani wa kwanza huja na kikombe cha maziwa, wa pili mafuta ya kula, wa tatu maji ya chumvi. Washukuru, ila usimnyweshe. Maziwa hayaui sumu, mafuta yanaweza kumpalia yakaingia mapafuni, na chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa.

Tafuta pakiti, hata kipande kilichochanwa. Daktari wa mifugo anataka kujua ni sumu gani, maana tiba hutofautiana: ile inayozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K1, lakini dawa za mashambani au za kupe za jamii ya oganofosfeti huhitaji atropini. Hiyo ya kwanza ndiyo inayodanganya watu. Mbwa anakula leo, kesho anakimbiza kuku kama kawaida, damu inaanza kumtoka siku ya 3 au ya 5. Kwa hiyo mpeleke akiwa bado mzima, hata wakikucheka.

Usimtapishe kwa kubahatisha, hasa kama amekunywa mafuta ya taa au ameanza kutetemeka. Dawa ikiwa imemwagikia manyoya, vaa glavu umwoshe kwa maji na sabuni. Matapishi yake yatie kwenye kopo uende nayo.

Na namba ya daktari wa mifugo, au afisa mifugo wa kata yako, iandike leo. Saa nane usiku hakuna wa kumuuliza.