Kabla ya kununua stepu, tazama miguu ya mwalimu

Wengi wakitaka stepu, kile kibao cha kupandia na kushukia unapofanya mazoezi nyumbani, huuliza kimo kwanza. Mimi ningeanza na urefu wa kibao. Fungua video unayotaka kuifuata, uangalie miguu ya mwalimu tu. Akipandia upande mmoja na kushukia wa pili, au akitembea juu yake kwa urefu, unahitaji kibao cha mita 1 hivi. Vifupi vya sentimita 70 bei yake huvutia na huhifadhika hata chini ya kitanda, lakini vinafaa zaidi kupanda na kushuka kwa mbele. Ukijaribu kuvuka navyo, mguu mmoja utakosa pa kukanyaga. Upana uwe wa kuenea unyayo wote, kisigino kikiwemo. Sentimita 40 zinatosha.

Kimo ni rahisi. Anza na sentimita 10. Vipande vya kuongezea kimo, vinavyowekwa chini ya kibao, huwa vya sentimita 5 kila kimoja. Ukiweka mguu juu, goti lisikunjike kupita nyuzi 90. Likipita, punguza kipande, hata kama mwalimu kwenye video amepanga vitatu.

Ukiweza, ijaribu kabla ya kulipa: simama kwenye ncha kabisa uone kama upande wa pili unanyanyuka. Geuza uangalie mpira wa chini, maana kwenye vigae stepu isiyo na mpira huteleza. Kwenye zulia nene nayo huyumba. Na stuli ya jikoni iache jikoni.