Waya wa kulehemu kwa darasa: soma kibandiko kwanza

Mwalimu unayenunulia wanafunzi waya wa kulehemu vifaa vya elektroniki hapa Mombasa, geuza koili usome kibandiko kabla hujalipa. Kikiandikwa Sn60/Pb40 au 63/37, hiyo ina madini ya risasi (Pb); irudishe. Tafuta Sn99.3/Cu0.7, yaani bati na shaba kidogo, unene wa milimita 0.8, yenye fluksi ndani, yaani dawa inayosaidia waya ulioyeyuka ushike vizuri. Koili isiyo na kibandiko chochote usiichukue hata ikiwa rahisi.

Waya huu huyeyuka kwenye nyuzi 227 za Selsiasi, ilhali ule wa risasi huanza kwenye 183. Kwa hiyo pasi ya kulehemu iwekwe kama 350. Kiungo kikipoa huwa na rangi iliyofifia kidogo. Wengi hudhani kimeharibika wakakichoma tena, na hapo ndipo shaba ya bodi ya saketi inapobanduka.

Fluksi ya asidi ya mafundi bomba isiingie darasani kabisa. Hula shaba, na kwa unyevu wetu wa pwani utaona ukijani kwenye viungo mapema.

Usidhani kukosa risasi kunaufanya moshi uwe salama. Moshi ule ni wa fluksi, hasa ile ya utomvu wa msonobari, na huweza kuamsha pumu. Pangaboi huusambaza tu chumba kizima. Weka feni ndogo pembeni ya meza ivute moshi kuelekea dirishani, mbali na nyuso. Miwani kwa kila mtoto, na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mahamri.