Usihesabu wekundu, tazama ulipokaa: kupima uhai wa mbegu za mahindi

Mvua za vuli zikikaribia, simu yangu haitulii. Kila mtu anataka kujua kama mbegu aliyoweka akiba ina uhai kabla hajamlipa mtu wa trekta. Kuzisubiri mbegu za mahindi ziote ndiyo upate jibu kamili ni siku 7. Kwa tetrazoliamu, chumvi ya maabara inayoonyesha kwa rangi palipo hai ndani ya mbegu, unaloweka leo jioni, kesho mchana jibu unalo.

Chumvi hii ikiyeyushwa, maji hubaki maangavu. Ikiingia kwenye seli inayopumua, vimeng'enya vya hapo huigeuza kuwa formazani, kitu chekundu kisichoyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo rangi haisambai. Inaganda palepale ilipotokea, na hiyo ndiyo siri ya kipimo chote alichokianzisha Mjerumani Georg Lakon miaka ya 1940.

Dawa yenyewe ni gramu 1 kwa mililita 100. Usiyeyushie maji ya bomba. Tumia maji ya maabara yaliyotiwa chumvi za fosfeti ili pH, yaani kipimo cha uchachu, ikae kati ya 6.5 na 7.5. Ikishuka chini ya hapo, hata punje nzima zitapauka na utaziita maiti. Vaa glavu.

Maabara rasmi hupima punje 400. Kwa debe la mkulima mmoja mimi huchukua 100, nimezichota juu, katikati na chini ya gunia. Loweka usiku kucha, saa 18 hivi kwenye nyuzi 20. Hapa Mwanza chumba kina joto kuliko hapo, kwa hiyo alfajiri huwa zimeshalainika.

Sasa wembe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Laza punje, upande wenye kiini ukutazame. Pasua kwa urefu, katikati kabisa ya kiini, kwa mkato mmoja. Usikekete kama unakata nyama. Wembe butu husaga tishu, na tishu iliyosagwa hushika wekundu mzito kama damu iliyovilia, halafu unaanza kuisingizia mbegu ugonjwa. Nusu moja tupa, nusu nyingine iingie kwenye dawa, muda wa saa 2, nyuzi 30, gizani. Nasisitiza gizani kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliacha sahani dirishani, jua la ziwani likazipiga, na dawa yenyewe ikaanza kuwa nyekundu. Nikarudia kazi yote. Umeme ukikatika, usihesabu muda ule: joto likishuka rangi huchelewa.

Weka pia punje kumi ulizozichemsha. Hizo lazima zibaki nyeupe. Zikiwa nyekundu, usiamini chochote kwenye meza hiyo.

Suuza, kisha chukua lenzi. Ile sehemu kubwa ya wanga itabaki nyeupe, na mwanafunzi mgeni hushtuka hapo. Achana nayo, ni chakula tu. Wewe tazama kiini. Kichipukizi kiwe chekundu chote. Mzizi wa kwanza ukiwa mweupe, punje bado naihesabu hai, maana mahindi yana mizizi mingine ya kuusaidia. Ile ngao pana inayokumbatia kichipukizi inaweza kuwa nyeupe kwenye ncha zake, juu na chini, lakini katikati lazima iwe nyekundu.

Hiyo katikati ndiyo iliyonipa jibu la mama mmoja wa Sengerema, aliyevuka na kivuko cha Kamanga na kisado chake cha mbegu. Punje zake 38 kati ya 100 zilikuwa na doa jeupe katikati ya ngao, huku pembeni pamewiva vizuri tu. Doa la namna hiyo ni la moto.

"Mama, ulizikaushia wapi?"

"Darini, juu ya mafiga, mwanangu. Dumuzi asiguse."

"Zilikuwa zimekauka ulipozitundika?"

Akacheka kidogo. Mvua ilikuwa imemkimbiza, alizivuna mbichi. Moshi peke yake usingezidhuru, lakini mbegu yenye maji mengi haivumilii joto.

Nilimwambia apande punje tatu kila shimo badala ya mbili, na kwanza aoteshe chache kwenye mchanga pale nyumbani, kwa sababu tetrazoliamu haikuambii vizuri habari za ukungu, wala kama dawa ya kuhifadhia imeidhuru mbegu.

Akaiangalia sahani. "Na hizi nyekundu, basi nipe nikawape kuku."

"Hapana mama. Hizo tunazifukia."