Kabla Hujampeleka Mjomba Kuona Nyangumi Svalbard, Soma Viza Yake

Kama unaishi Norway, Sweden au Ujerumani na kiangazi hiki unamtegemea mgeni kutoka nyumbani ambaye umeshamwahidi nyangumi, fanya jambo moja kabla ya yote. Chukua pasipoti yake, fungua ukurasa wenye stika ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, utafute idadi ya kuingia. Ikiwa imeandikwa 01, usimkatie tiketi ya Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo mbali kaskazini. Nitalirudia hili hadi mnichoke: 01, Svalbard hapana.

Mjomba wangu alikuwa nahodha Pangani kwa zaidi ya miaka thelathini. Miezi ya kusi, nyangumi wenye nundu wanapopanda kutoka kwenye barafu ya kusini kuja kuzaa katika maji yetu ya joto, alikuwa akiwaona mkondo wa Pemba na watoto wao ubavuni. Siku moja nikamtumia video kutoka ghuba ya Isfjorden, huko Svalbard, nyangumi weupe wakipita karibu na boti yetu, na mwamba wa Alkhornet umejaa ndege wa baharini toka chini hadi juu. Akaniuliza, "Huko kwenye barafu wanakula nini hao?" Nikamwambia, njoo uone mwenyewe.

Kosa lilianzia kwenye fomu. Fomu ya viza inauliza kama unaomba kuingia mara moja, mara mbili au mara nyingi. Sote tumekulia kwenye ushauri uleule: usiombe makubwa, watakunyima. Binamu zangu waliusisitiza kwenye kundi la WhatsApp, shangazi naye akasema omba kidogo, Mungu ataongeza. Nikaweka alama kwenye mara moja. Ndugu zangu, nawapenda na najua mlikusudia heri, lakini unyenyekevu hausaidii kitu mbele ya afisa wa viza. Yeye anaangalia kama karatasi zako zinalingana na safari uliyoieleza. Safari ya kutoka na kurudi tena inaombewa mara mbili, na sababu inaandikwa.

Sasa usikilize mtego wenyewe. Svalbard iko chini ya Norway, bendera ni ya Norway, pesa ni krona. Lakini haimo Schengen. Mkataba uliosainiwa Paris mwaka 1920 uliipa Norway mamlaka juu ya visiwa hivyo na kuwapa raia wa nchi zilizosaini haki sawa za kuingia na kufanya kazi, na mpaka leo Svalbard haidai viza kwa mtu yeyote. Watu wetu wakisikia "hakuna viza" wanafurahi, kumbe hapo ndipo panapoumiza. Mahali pasipodai viza pamebaki nje ya mpaka, kwa hiyo ukipanda ndege ya Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, umetoka Schengen. Viza ya mara moja imekwisha palepale, hata kama tarehe zake bado zina mwezi mzima mbele. Na ndege ya kukurudisha inatua Norway bara, ambako sasa huna ruhusa ya kuingia.

Mimi nilikuwa nimeshakwenda mara mbili na kurudi bila swali. Nilichosahau ni kwamba nilirudi kwa kibali changu cha ukaazi, na Mjomba hana kibali. Nilipachukulia kama Unguja: unashuka kwenye boti ya kutoka Dar, unaonesha kitambulisho, unapita, nchi ni ileile.

Tulizuiwa Tromsø, mji wa Norway bara, kwenye dirisha la polisi la kukagua pasipoti. Dada mmoja kijana akaigeuza pasipoti ya Mjomba, akaisoma ile stika polepole, kisha akatuuliza kama tunajua kwamba mzee akipita hapo hataruhusiwa kurudi. Aliuliza kwa upole, akatupisha pembeni tuamue. Mjomba alikuwa ameshavaa koti lake jipya. Nikamweleza kwa Kiswahili, akanyamaza, halafu akasema, "Basi tusimsumbue binti wa watu, turudi."

Ndege iliondoka bila sisi. Tiketi, hoteli ya usiku tatu, boti ya siku nzima: hakuna kilichorudishwa, kwa sababu masharti yote yalisema hati za kusafiria ni jukumu la abiria. Bima nayo ilisema hivyohivyo. Na hao wote walipokea pesa yangu bila kuniuliza viza ya mgeni ni ya aina gani.

Hapo nina neno na jamii hii ninayoishi nayo, ambayo naiheshimu. Huku kila kitu kimeandikwa, na kikishaandikwa hesabu yao ni kwamba umekisoma. Nyumbani ungekuta wakala, kondakta au hata mpita njia wa kukwambia, "We mama, huyo mzee hatapita na hiyo." Hapa kukuingilia ni kukosa adabu. Mtu anaweza kuona unatembea kuelekea shimoni akanyamaza kwa heshima. Kanuni ya Svalbard ipo wazi kwenye kurasa za serikali, kwa hiyo siwezi kusema nilifichwa. Lakini heshima ya namna hiyo inamwelemea mgeni, na nadhani wangeweza kuweka swali moja tu kwenye ukurasa wa malipo.

Mtego huu unao ndugu zake. Greenland na visiwa vya Faroe, ambako watu wanafuata nyangumi na ndege wa majabali, viko chini ya Denmark lakini viza ya kawaida ya Schengen haitoshi. Lazima stika iwe na maandishi yanayovitaja. Uskoti na Ireland nako ni nje. Iceland imo ndani, hivyo Húsavík, mji wake wa kutazamia nyangumi, mpeleke bila wasiwasi wa mpaka, mradi ndege isipitie London.

Sisi tulikodi gari, tukapita Senja, tukavuka kwa feri ya kiangazi kutoka Gryllefjord hadi Andenes. Hapo korongo la Bleik, lililo chini ya bahari, limeisogeza bahari kuu karibu na pwani, na wale nyangumi wa kichwa cha mraba, madume peke yao, wanakuja kuwinda ngisi. Nahodha anashusha kinasasauti majini na kusikiliza wanavyogonga. Mjomba aliwapimia kwa saa: dume moja lilikaa juu kama dakika kumi likipumua, likainua mkia, likazama zaidi ya nusu saa. Kisiwa cha Bleiksøya tuliwakuta lunde, ndege weusi kwa weupe wenye mdomo wa rangi, ambao kufikia katikati ya Agosti huwa wameanza kuondoka. Jioni, dukani, Mjomba aliona nyama ya nyangumi kwenye friji. Norway bado inawavua wale wa aina ndogo, minke, na mimi sijazoea kuona wanaotazamwa na wanaoliwa katika bahari moja. Mjomba, mvuvi, hakushangaa.

Mengine ni ya kawaida. Acha siku mbili za ziada kwa ajili ya upepo. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda. Mzee mwenye mgongo mbovu asipande boti ya mpira inayorukaruka. Ahadi ya "utaona nyangumi" isipotimia, fidia mara nyingi ni safari nyingine ya bure, si pesa, kwa hiyo haimsaidii mgeni anayeondoka kesho.

Na 01 ni 01. Isome kabla ya kulipa, isome tena usiku wa kuamkia safari.

Fomu mpya ya Mjomba iko mezani kwangu. Kwenye idadi ya kuingia tumeweka mara mbili, na barua ya maelezo inataja Svalbard kwenye mstari wa kwanza, pamoja na tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi.