Chumvi ya kisima kwenye shamba la zabibu: iingie kwa hesabu, itoke kwa hesabu

Mto Bubu hauendi baharini. Unaishia kwenye kinamasi cha Bahi mkoani Dodoma, maji yanakaushwa na jua, chumvi inabaki. Shamba la zabibu linalomwagiliwa kwa maji ya kisima chenye chumvi hufanya vivyo hivyo: mizizi huchukua maji na kuiacha karibu chumvi yote udongoni.

Anza na kipimo. Washa pampu, iache dakika 10, ndipo ukinge maji ya kupima, kwani yaliyolala kwenye bomba hudanganya. Vipima vingi vya mkononi husoma mikrosimensi kwa sentimita (jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda); 1,000 ni sawa na desisimensi 1 kwa mita (dS/m), na maji ya kiwango hicho hubeba takribani gramu 640 za chumvi kwa lita 1,000. Kisima kikisoma 1.2 dS/m, kila tangi la lita 1,000 linamwaga shambani zaidi kidogo ya robo tatu ya kilo. Kwa milimita 500 za umwagiliaji wa kiangazi, ekari moja hupokea lita milioni 2, yaani tani moja na nusu ya chumvi kwa msimu mmoja.

Mzabibu huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ulioshiba maji ikizidi 1.5 dS/m, na kila 1 inayoongezeka hula karibu asilimia 10. Kwa hiyo lazima sehemu ya maji ipite chini ya mizizi iondoke na chumvi. Kiasi chake hupatikana hivi: zidisha kiwango unachotaka udongoni (hapa 1.5) kwa 5, toa chumvi ya maji, kisha igawe chumvi ya maji kwa jibu hilo. Kwa mfano wetu ni 1.2 ÷ (7.5 − 1.2) = 0.19, yaani asilimia 19 ya maji ipite chini, na 0.81 ibaki kwa mizabibu. Kama mizabibu inatumia milimita 5 kwa siku, mwagilia 5 ÷ 0.81, yaani milimita 6.2. Anayemwagilia juujuu, maji yakaishia sentimita 20, hasafishi chochote hata akimwagilia kila siku.

Hesabu ihakikiwe kwa jembe. Chimba shimo la sentimita 90 kati ya mche na ukingo wa eneo linalolowana, chukua udongo wa 0–30, 30–60 na 60–90. Changanya sehemu 1 ya udongo mkavu na 5 za maji yaliyotoneshwa (mvuke uliopozwa ukawa maji tena, yasiyo na chumvi), tikisa, acha utulie, pima. Ili kupata chumvi ya udongo ulioshiba maji, zidisha namba hiyo kwa takribani 14 kwa kichanga-tifutifu, 10 kwa tifutifu, 6 kwa mfinyanzi mzito. Chumvi ikiongezeka kadiri unavyoshuka, inasukumwa chini vizuri. Ikiwa nyingi zaidi juu, ama maji hayatoshi, ama maji ya ardhini yako karibu na yanapanda. Chimba zaidi uhakikishe: ukikuta maji kabla ya mita 1.5, usiongeze umwagiliaji. Chimba kwanza mtaro wa kuyatoa.

Mvua ndiyo msafishaji wa bei nafuu, lakini Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 tu, nyingi zikija kwa vishindo na kutiririka. Tengeneza majaruba kuzunguka mizabibu kabla ya Desemba, na ulowanishe udongo kabla, maana udongo mkavu hunywa mvua za kwanza zote bila kupitisha tone chini.

Wenye mfumo wa matone, angalieni hapa. Chumvi hujikusanya kama pete nyeupe pembezoni mwa eneo lililolowana. Manyunyu ya kwanza huirudisha kwenye mizizi, na kingo za majani ya zamani huungua ndani ya siku chache. Usizime matone mvua ikianza. Yaendelee mpaka mvua iwe imelowanisha kina chote cha mizizi.

Ardhi yenye magadi ni jambo jingine. Dondosha bonge kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua bila kulitikisa. Maji yakigeuka maziwa, kusafisha kwa maji matupu kutaziba udongo kabisa. Weka jasi kwanza (gypsum, huchimbwa Itigi mkoani Singida), kiasi kitokane na kipimo cha maabara, ichanganye na udongo wa juu, ndipo umwagilie kwa wingi.