Umeng'atwa na kupe Moshi au Arusha? Soma hili kabla hujaomba dawa kali

Kila Januari simu yangu hupokea ujumbe wa namna moja. Mtu alikuja Desemba, akala Krismasi Machame au Marangu, akaenda mnadani Weruweru kuchagua mbuzi, akalala siku mbili kwa jamaa Monduli, kisha akapanda ndege KIA. Wiki haijaisha, yuko kazini Minneapolis au Leicester, kichwa kinagonga, shingo inauma, mwili unachemka. Ananiandikia: "Dada, wewe ni mfamasia, nitajie antibayotiki kali nimwambie daktari wa huku."

Huwa namjibu hivi kabla ya lolote: nenda kapimwe malaria leo, usingoje kesho, maana ndiyo inayoua haraka. Halafu vua nguo utafute alama ya kung'atwa na kupe nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye mstari wa mkanda.

Kuna kaka mmoja alikuja dirishani kwangu siku tatu kabla ya kurudi Ulaya. Zahanati aliyopitia ilimwambia ana malaria na taifodi, akachomwa seftriaksoni siku tano mfululizo. Homa haikutikisika. Alikuwa amekuja kuuliza kama kuna sindano yenye nguvu zaidi. Nilimwomba akunje suruali. Nyuma ya goti palikuwa na kigaga cheusi, upana wa kifungo cha shati, kimezungukwa na wekundu, kama mahali palipozimwa sigara. Cha pili kilikuwa juu kidogo, kwenye paja. Kinenani alikuwa na mtoki mgumu kama njugu mawe. Alikuwa amepita kwenye majani na ng'ombe wa baba yake mkubwa huko Siha wiki iliyotangulia. Nilimpeleka kwa daktari, akaandikiwa doksisaiklini, kapsuli moja ya miligramu 100 asubuhi na moja jioni. Siku ya pili homa ilishuka, akapanda ndege yake.

Hapo ndipo neno "kali" linapotudanganya. Ile ilikuwa homa ya kupe, na husababishwa na bakteria aina ya riketsia, ambaye huletwa na kupe na hujificha ndani ya seli za kuta za mishipa midogo ya damu. Seftriaksoni ni dawa nzito inayookoa watu wenye homa ya uti wa mgongo, lakini haimdhuru riketsia. Amoksilini nayo ni hivyo hivyo. Doksisaiklini ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, inamezwa nyumbani, na ndiyo inayomuua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa ina nguvu kiasi gani, uliza inamuua mdudu gani.

Wala usidhani haya ni mambo ya nadra. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, hapa hapa Moshi, kati ya 2007 na 2008. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vilipokamilika, waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Katika waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na mojawapo, na riketsia za kundi la homa ya kupe zilikuwa miongoni mwa zilizoongoza. Mimi takwimu hizo zilinibadilisha namna ya kumsikiliza mtu mwenye homa.

Sasa tuzipime faida na hatari, kwanza kwa doksisaiklini yenyewe. Homa ya kupe ya kwetu kwa kawaida si ya kuua. Mtu mwenye afya angeweza kuipona hata bila dawa, ila kwa mateso ya siku nyingi. Dawa huifupisha, na mara nyingi homa hukata ndani ya siku moja hadi mbili. Ukiwa unaishi Marekani mizani inabadilika, kwa sababu kule kuna riketsia mwingine, wa homa ya madoa ya Rocky Mountain, ambaye huua asipotibiwa katika siku za mwanzo. Madaktari wa kule wanatakiwa kuanza doksisaiklini kwa kushuku tu, bila kungoja majibu ya damu. Na kungoja hakusaidii sana, kwani kipimo cha kingamwili mara nyingi huwa kimya wiki ya kwanza, kikarudiwa wiki mbili hadi nne baadaye ndipo kikasema kitu.

Hatari zake ni chache, na nyingi zinatokana na namna ya kumeza. Ukiimeza kwa mate au kwa funda moja la maji kisha ukajilaza, kapsuli hukwama kwenye umio na kuuchoma. Nimemwona mama wa miaka hamsini na kitu akishindwa kumeza hata uji kwa sababu hiyo. Meza na glasi nzima ya maji, kaa wima nusu saa au zaidi. Usiimeze pamoja na maziwa, mtindi, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia; vitu hivyo huishika dawa isiingie mwilini, basi achanisha kwa saa kadhaa. Ngozi huungua upesi na jua, na hilo nalisema hasa kwa wanaopanga kupanda Kilimanjaro, ambako jua la juu ni kali hata kwenye baridi. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amwambie daktari, kwani damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi.

Kuhusu watoto, wengi bado wana hofu ya meno kuwa ya njano. Hofu hiyo ilitokana na tetrasaiklini za zamani, dawa za ukoo mmoja na doksisaiklini. Kwa dozi fupi ya doksisaiklini, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaikubali kwa mtoto wa umri wowote mwenye homa ya riketsia. Mjamzito ni habari nyingine. Huyo asimeze chochote kwa ushauri wa simu, aonane na daktari, ambaye anaweza kufikiria antibayotiki nyingine, azithromaisini.

Nyumba za udongo zina mgeni wao mwingine, papasi. Huyu hang'ang'anii ngozini kama kupe wa ng'ombe. Hutoka kwenye nyufa usiku, hunyonya kwa muda mfupi, huondoka, nawe hujui kitu. Homa yake hupanda siku chache, hukata, ukashukuru Mungu, kisha baada ya wiki moja hivi hurudi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuiona. Mwambie daktari achunguze damu yako kwa darubini wakati homa iko juu, maana ndipo vijidudu vyake vyenye umbo la skurubu huonekana. Kwa ugonjwa huu hatari kubwa iko kwenye dozi ya kwanza ya antibayotiki. Vijidudu vikifa kwa wingi kwa mpigo, mgonjwa hutetemeka, homa hupanda zaidi, na presha inaweza kushuka vibaya ndani ya saa chache. Kwa hiyo dozi ya kwanza imezwe mbele ya mhudumu wa afya, sio chumbani peke yako usiku wa manane.

Jambo linaloniumiza zaidi ni dozi zisizo na mwisho. Wapo ndugu zetu waliopata ugonjwa wa Lyme, ugonjwa mwingine wa bakteria unaoletwa na kupe, Marekani au Ujerumani, wakatibiwa, kisha uchovu na maumivu ya viungo vikabaki. Maumivu yao ni ya kweli, na anayewaambia wanajifanya anawakosea. Wakija nyumbani likizo wanaomba wawekewe dripu ya seftriaksoni kwa mwezi au miezi. Jambo hilo limepimwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2001 uliwapa wagonjwa wa namna hiyo seftriaksoni ya mshipani siku 30, ikafuatwa na doksisaiklini siku 60. Hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kitu cha kutibu, iliyotolewa kwa kulinganisha tu. Uholanzi walijaribu tena wiki kumi na mbili za ziada, matokeo yakachapishwa 2016, jibu likawa lile lile. Lakini madhara hayakuwa bandia: mpira uliokaa mshipani huingiza bakteria kwenye damu, seftriaksoni ya muda mrefu hutengeneza mawe kwenye mfuko wa nyongo, na utumbo ukishasafishwa bakteria wazuri, huzuka kuharisha kunakoweza kumlaza mtu hospitali. Lyme ya mapema hutibiwa kwa doksisaiklini siku 10 tu. Ukiambiwa uongeze miezi, omba uelezwe ni kipimo gani kimeonyesha kuwa mdudu bado yuko hai.

Dawa mbili nyingine watu hunitajia kwa sifa ya ukali. Siprofloksasini inaweza kukata kano ya kisigino, hasa kwa mzee au anayetumia steroidi. Klorafenikoli, kwa watu wachache sana, huua uboho unaotengeneza damu, na hairudishiki kwa kuiacha. Zina kazi zake, ila si za kununua dukani kwa kubahatisha.

Ukimkuta kupe amekushika, usimmwagie mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu wima, osha mahali pale, andika tarehe. Kwa kupe wa huku hakuna haja ya kumeza dawa kabla ya dalili. Ile dozi moja ya miligramu 200 unayoisikia ni ya kuzuia Lyme, katika maeneo yenye Lyme, ndani ya saa 72 baada ya kumtoa kupe aliyekaa mwilini siku moja na nusu au zaidi.

Ukifika kwa daktari wa ugenini, usiseme tu kwamba umetoka Afrika. Sema umetoka kaskazini mwa Tanzania, taja tarehe uliyoondoka, taja ng'ombe, majani, nyumba uliyolala, na kama ulikuwa unameza doksisaiklini ya kuzuia malaria. Kigaga kipige picha siku unapokiona, kwa sababu kikishabanduka hutakuwa na cha kumwonyesha.